UZI: Akili mnemba inaona mafuriko siku tano kabla hayajafika. Tuzungumze kuhusu hizo siku tano

MtoJuu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe linahusu uhai wa watu.

Tarehe 29 Oktoba 2024, huko Valencia, Hispania, idara ya hali ya hewa ya taifa ilipandisha tahadhari ya mvua hadi nyekundu kabla ya saa mbili asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wananchi ukatumwa baada ya saa mbili usiku. Katikati ya saa hizo makorongo yalifurika, magari yakasombwa, na wapo waliofia kwenye maegesho ya chini ya majengo walikoshuka kwenda kuokoa gari. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Ile ni nchi yenye rada, kompyuta kubwa na wataalamu waliobobea. Utabiri haukukosekana.

Nimeanza na Valencia kwa makusudi. Kila zinapotoka habari za akili mnemba na majanga, zinasifiwa modeli za utabiri peke yake. Sifa nyingi ni za haki, na nitazieleza. Ila naona sehemu ya kuiona hatari imekimbia mbele sana, huku sehemu ya kumfikia mtu na kumwondoa kwenye hatari ikibaki palepale. Na fedha bado zinafuata kule kulikokwisha kukimbia.

Tuanze na kilichobadilika. Kwa miaka mingi utabiri ulifanywa kwa kutatua milinganyo ya fizikia: joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa vinakokotolewa kipande kwa kipande cha dunia, kwa saa kadhaa, kwenye kompyuta ambazo nchi nyingi haziwezi kuzinunua wala kulipia umeme wake. Modeli mpya zinalishwa kumbukumbu za hali ya hewa za miongo kadhaa, zinajifunza jinsi hali ya sasa inavyozaa hali ya saa sita zijazo, kisha zinarudia hatua hiyo mpaka siku ya kumi. GraphCast ya Google DeepMind, iliyochapishwa katika jarida la Science Novemba 2023, ilitoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiofika dakika moja kwenye mashine moja. Ilipimwa kwa vigezo 1,380 dhidi ya mfumo mkuu wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri, ikaushinda katika asilimia 90 ya vigezo hivyo. Mwaka huohuo Huawei walitoa Pangu-Weather. Kituo chenyewe cha Ulaya nacho hakikukaa pembeni: Februari 2025 kilianza kutumia rasmi modeli yake ya akili mnemba, AIFS, sambamba na ile ya fizikia.

Mimi nafurahia gharama kuliko kasi. Kuifundisha modeli ni ghali, lakini ikishafundishwa, ofisi ndogo ya hali ya hewa inaweza kuiendesha kwenye kompyuta moja yenye nguvu.

Kwenye mafuriko hatua ni kubwa zaidi, kwa sababu mito mingi duniani haina hata kipimo kimoja cha kina cha maji. Google walianza majaribio eneo la Patna, India, mwaka 2018. Machi 2024 watafiti wao walichapisha katika jarida la Nature modeli iliyojifunza kutoka kwenye mito yenye vipimo, ikaweza kuikadiria isiyo navyo kwa kuangalia mvua, mwinuko, udongo na umbo la bonde. Utabiri wake wa siku tano mbele ulikuwa wa kuaminika karibu sawa na ule wa siku hiyohiyo wa GloFAS, mfumo uliokuwa ukitegemewa dunia nzima. Kufikia hapo huduma hiyo ilishafika nchi zaidi ya 80, bila malipo.

Siku tano ni muda mwingi. Tume ya dunia ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba taarifa ya saa 24 tu kabla ya dhoruba au joto kali inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Kwa siku tano unavuna kilichokomaa, unahamisha mifugo, unapandisha dawa za zahanati juu, unamtoa mgonjwa asiyeweza kutembea, unafungulia bwawa kidogokidogo badala ya kulifungulia lote usiku mmoja. Sasa nani anayafanya hayo, kwa amri ya nani, kwa fedha zipi? Karibuni.

mwalimu_wa_ramani

Asante mleta mada. Wanafunzi wananiuliza kila muhula kama mashine inaweza kutabiri tetemeko la ardhi, na mtandaoni kuna watu wanatangaza mpaka tarehe. Ligusie hilo.

MtoJuu

Mwalimu, jibu ni hapana. Hakuna mashine wala mtaalamu anayeweza kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko kabla halijaanza. Anayetangaza tarehe anawapotosha watu.

Kinachowezekana ni kuwahi mawimbi likishaanza. Tetemeko hutoa wimbi la kwanza linalosafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde, nyuma yake linakuja lile la kubomoa, la kama kilomita 3 na nusu kwa sekunde. Taarifa ya umeme huyapita yote mawili. Mexico ina mfumo wa namna hii tangu 1991: vipimo viko pwani yanakozaliwa matetemeko makubwa, na jiji kuu, lililo mbali na pwani, hupata hadi dakika moja hivi ya kutoka nje. Japani ilianza kutoa tahadhari kwa umma mwaka 2007. Akili mnemba inasaidia kutambua haraka kwamba mtikisiko ule ni tetemeko kweli wala si lori linalopita, na kudaka matetemeko madogo ambayo jicho la mchambuzi lingeyaruka.

Tangu 2020 simu za Android nazo zinatumika kama vipimo, kwa kuwa kila simu ina kihisi cha mtikiso. Wazo zuri sana. Lakini Februari 2023, lilipopiga tetemeko la kwanza Uturuki, la ukubwa wa 7.8, mfumo huo ulilikadiria kuwa chini ya 5. Tahadhari za ngazi ya juu kabisa, zile za kumwamsha aliyelala, zilitumwa 469 tu. Walioeleza hayo ni watafiti wa mfumo wenyewe, wakarekebisha hesabu zao na kuchapisha. Uwazi wa namna hiyo nauheshimu, na ningependa uwe sharti kwa kila anayeuza mfumo wa tahadhari.

Jambo moja zaidi la kuwapa wanafunzi. Mwaka 2018 Nature ilichapisha utafiti wa mtandao wa neva (aina ya akili mnemba) wenye vigezo 13,451 uliotabiri mahali yatakapotokea matetemeko yanayofuata lile kubwa. Ulisifiwa sana. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha, katika jarida hilohilo, kwamba hesabu rahisi yenye vigezo viwili inatoa matokeo yaleyale.

Kusi_na_Kaskazi

Mkuu, mimi nina shaka na jambo moja. Modeli hizi zinajifunza yaliyopita. Tabianchi inabadilika, vimbunga vinavunja rekodi. Mashine itaonaje jambo ambalo halijawahi kutokea?

MtoJuu

Hapo umegusa penyewe. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Chicago walilijaribu swali hilo, wakachapisha mwaka 2025. Walichukua modeli ya akili mnemba, wakaifundisha upya baada ya kuondoa kwenye data vimbunga vyote vikali kuliko daraja la 2 (madaraja ni matano, la 5 ndilo kali kuliko yote). Kisha wakaionyesha hali ya hewa inayozaa kimbunga cha daraja la 5. Modeli iliona kimbunga kinakuja, ila kila mara ilikikadiria kuwa dhaifu, haikuvuka daraja la 2. Kwenye kazi hii kosa la aina hiyo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamwambia mtu abaki nyumbani.

Lakini utafiti huohuo una upande wa matumaini. Modeli ikiwa imeona vimbunga vikali kwenye bahari moja, iliweza kuvitabiri kwenye bahari nyingine ambayo mifano yake ilikuwa imeondolewa. Kwa hiyo inahamisha ujuzi kutoka sehemu kwenda sehemu. Inaposhindwa ni kwa lile ambalo halijaonekana popote. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba modeli ya fizikia isizimwe. Iendeshwe pamoja na ile mpya, na zikipingana, mtabiri wa kibinadamu aketi aangalie kwa nini.

Na tusisahau kwamba fizikia nayo hukosea. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilitoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5 ndani ya takriban siku moja, kikapiga Acapulco, Mexico, na modeli za wakati huo hazikukiona kikipanda hivyo.

kipimamvua

Niongeze hapo kwa sababu data ndiyo kazi yangu. Watu wanadhani akili mnemba imeziba pengo la vituo vya hali ya hewa. Haijaziba. Modeli karibu zote kubwa zimefundishwa kwa ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa iliyotengenezwa na ECMWF kwa kuunganisha vipimo vya ardhini, maputo, meli, ndege na setilaiti na modeli ya fizikia. Kwa maneno mengine, mtoto mpya bado anakula kwenye sufuria ya mzee. Na kila asubuhi, ili itabiri kesho, modeli inahitaji kujua hali ya leo. Hali hiyo inatoka kwenye vipimo.

Afrika ina rada za hali ya hewa 37, Ulaya ina 345, kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Utabiri wa mvua kubwa ya saa mbili zijazo, ile inayoangusha mlima juu ya nyumba, unahitaji rada. Setilaiti pekee haitoshi. Mfadhili akija na modeli bila vipimo, mwambieni arudi na vipimo, na arudi pia na bajeti ya kuvitunza. Kituo kikiharibika betri na hakuna wa kuibadilisha, hakina faida kwa yeyote.

MtoJuu

Nakazia. Bajeti ya matengenezo ndiyo hukatwa ya kwanza, kwa sababu hakuna anayekata utepe kuzindua betri.

dada_wa_kujitolea

Habari zenu. Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa kujitolea kwenye uokoaji, na kwenye mjadala huu namkosa mtu anayepokea ujumbe. Ujumbe unasema "mvua ya milimita 120 inatarajiwa". Mama mwenye watoto wanne afanye nini na milimita 120? Anataka kujua maji yatafika wapi, aondoke saa ngapi, apite njia ipi, akifika atalala wapi, na mbuzi wake wataangaliwa na nani. Asipojibiwa hayo atabaki, na msimwite mkaidi.

MtoJuu

Dada yangu, ujumbe wako ningeuweka juu kabisa ya uzi.

Tuitazame Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Miaka miwili baadaye nchi hiyo na Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga: watu wa kujitolea vijijini, vipaza sauti, bendera, baiskeli, redio, na majengo imara ya kukimbilia. Leo wana watu wa kujitolea zaidi ya 76,000, nusu yao wanawake. Hilo la wanawake lina sababu. Mama aliye ndani na watoto anamsikiliza mwanamke mwenzake aliyefika mlangoni kuliko sauti ya mwanamume asiyemjua barabarani. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa nchini humo, katikati ya janga la Uviko, na waliofariki walihesabika kwa makumi. Mashine haikuwa na sehemu kubwa kwenye mafanikio hayo. Ilikuwa kazi ya miaka hamsini ya watu waliofahamiana.

Sasa akili mnemba inaweza kuwasaidia hao watu wa kujitolea, na hapa ndipo ningependa fedha ziende. Modeli inaweza kugeuza milimita 120 kuwa ramani ya nyumba kwa nyumba: maji yatafika shule hii, hayatafika kanisa lile. Inaweza kutafsiri ujumbe kwenda lugha ambazo redio ya taifa haizitumii, mradi mzungumzaji wa lugha hiyo aupitie kwanza, kwa sababu kosa moja kati ya "ondokeni" na "bakini" linaua. Inaweza kuutoa ujumbe kwa sauti, kwa asiyesoma na asiyeona.

Na kuhusu njia ya kufikisha: kuna utaratibu ambao mnara wa simu unarusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo ndani ya eneo lake kwa wakati mmoja. Hauhitaji namba ya mtu, hausongamani kama meseji za kawaida, na simu inalia hata ikiwa imenyamazishwa. Teknolojia hiyo ni ya zamani na ipo tayari kwenye mitambo mingi. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Tahadhari ya Mapema kwa Wote, uliotangazwa mwaka 2022 kwa lengo la kumfikia kila mtu duniani ifikapo mwisho wa 2027, unausukuma utaratibu huo. Kwa nchi isiyo nao bado, ningeutanguliza mbele ya modeli yoyote mpya.

Mchoraji

Uzi mzima unaongelea utabiri. Kupunguza hatari kunaanza miaka kabla. Mkumbuke Derna, Libya, Septemba 2023. Dhoruba Daniel ilijaza mabwawa mawili juu ya mji, yakapasuka usiku, maelfu wakafa. Mwaka mmoja kabla, mtafiti wa chuo kikuu nchini humohumo alikuwa ameandika kwamba mabwawa yale yanahitaji matengenezo ya haraka na kwamba bonde linaweza kuleta balaa. Taarifa ilikuwepo kwenye karatasi.

Kazi yangu ni ramani. Siku hizi rada za setilaiti zinaona ardhi au ukuta wa bwawa ukisogea kwa milimita, na mashine inaweza kupitia picha za mabwawa maelfu ikatuonyesha machache ya kwenda kukagua. Google walitoa mwaka 2021 ramani ya majengo ya Afrika yaliyotambuliwa na mashine, majengo milioni 516. Mpangaji mji anaweza kujua leo ni nyumba ngapi ziko kwenye njia ya maji. Zamani hilo lilikuwa kazi ya miaka ya kutembea.

MtoJuu

Sina cha kupinga, mkuu. Nina hofu moja tu na ramani hizo. Ikishajulikana nyumba ngapi ziko bondeni, wapo watakaoona njia ya kuwafukuza maskini bila kuwapa pa kwenda. Ramani ya hatari isipofuatana na ardhi salama na fidia, watu wataificha hatari yao, hata mpimaji akija watamdanganya. Wakazi waione ramani wao kwanza, waisahihishe, kabla haijafika kwa mwenye mamlaka ya kubomoa.

Kusi_na_Kaskazi

Na baada ya janga? Naona picha za kutengenezwa zinasambaa kuliko za kweli.

MtoJuu

Kweli kabisa. Baada ya kimbunga Helene, Marekani, mwaka 2024, picha ya mtoto analia kwenye boti akiwa na mbwa ilisambaa kwa mamilioni. Ilikuwa ya kutengenezwa na mashine. Madhara yake ni makubwa: waokoaji wanapokea maombi ya uongo, na aliyekwama kweli anapoomba msaada anatiliwa shaka. Ushauri wangu ni mmoja: kama hujui picha imepigwa wapi na nani, usiisambaze, hata kama inakuliza.

Upande wa pili, mashine zinafanya kazi kubwa kulinganisha picha za setilaiti za kabla na baada. Hifadhi ya picha za kufundishia mashine, iitwayo xBD, ya mwaka 2019, ina majengo zaidi ya 850,000 yaliyowekewa alama ya kiwango cha uharibifu, na modeli zilizotokana nayo zilitumika Uturuki mwaka 2023 kuonyesha mitaa iliyoanguka zaidi. Tahadhari yake: setilaiti inaona paa. Jengo ambalo ghorofa ya chini imepondeka na paa likabaki zima linaweza kuandikwa kuwa salama. Kwa hiyo ramani hiyo itumike kuamua pa kuanzia, isitumike kuamua pa kutokwenda.

mwalimu_wa_ramani

Swali langu la mwisho. Mashine ikikosea, nani anawajibika? Kiongozi akihamisha watu na mvua isije, atachekwa. Ndiyo maana wanasubiri.

MtoJuu

Mwalimu, kusubiri huko ndiko kulikotumaliza Valencia na kwingineko. Kuna dawa iliyoanza kufanya kazi: kukubaliana kabla. Kamati inaandika mapema kwamba uwezekano wa mafuriko ukifika kiwango fulani, fedha zinatoka na magari yanaondoka, bila kikao kipya. Umoja wa Mataifa ulifanya hivyo Bangladesh Julai 2020. Utabiri ulipogusa kiwango kilichoandikwa, fedha na vifaa vilianza kwenda kwa familia kabla mto Jamuna haujafika kilele. Mvua isipokuja, hakuna wa kulaumiwa peke yake, kwa sababu kiwango kilikubaliwa na wote wakiwa wametulia, na wakazi waliambiwa tangu mwanzo kwamba kati ya tahadhari kadhaa moja itakuwa ya bure.

Jina la anayesaini lazima liwe la binadamu. Modeli ishauri, ofisa aamue, na iandikwe nani anakaimu ofisa huyo akiwa safarini au amelala. Naomba kipengele hicho cha kukaimu kisidharauliwe.

dada_wa_kujitolea

Sisi wa chini tudai nini basi? Hatuna lugha ya modeli.

MtoJuu

Dada, dai kuandikiwa saa za matukio matatu. Kwa kila tahadhari ya msimu uliopita, omba kuandikiwa saa ambayo hatari ilionekana kwenye utabiri, saa ambayo ujumbe ulifika kwa watu, na saa ambayo mtu wa kwanza alitoka nyumbani kwake. Hesabu hizo hazihitaji utaalamu wowote, na mwenye ofisi hawezi kusema ni siri. Ukiona pengo kubwa ni kati ya ya kwanza na ya pili, tatizo liko kwa wakubwa wa kusaini na kwa njia za kufikisha. Ukiona ni kati ya ya pili na ya tatu, ujumbe haueleweki au hakuna pa kukimbilia.

Zianzeni ninyi wenyewe kwenye daftari msimu huu, pamoja na sababu za waliobaki: mgonjwa, mifugo, woga wa wezi, tahadhari ya mwaka jana iliyokuwa ya bure. Kumbukumbu za mvua zimejaa kwenye modeli hizi tangu mwaka 1979. Kumbukumbu za watu walifanya nini walipoambiwa waondoke ni chache mno, na anayeweza kuziandika ni yule anayepita mlango kwa mlango.